Shangazi, niuze cherehani ya mama nianze biashara ya mtandaoni?

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mama wa watoto watatu, nina miaka 34, naishi Walukuba hapa Jinja. Kazi yangu ni ushonaji. Cherehani ninayotumia aliniachia marehemu mama, na yeye alinunuliwa cherehani hiyo na baba enzi zile baba akifanya kazi kiwanda cha nguo. Ni ile nyeusi ya kukanyaga kwa miguu, na haijawahi kuniangusha.

Mwaka juzi nilifungua blogu ya Kiswahili kwa simu yangu, kule Blogger ambako hawatozi kitu. Kiswahili ndiyo lugha tuliyokulia uani hapa Walukuba, na ndiyo ninayoweza kuiandika bila kubabaika. Naandika mambo ya ushonaji: namna ya kukata gomesi, lile gauni la akina mama wa Uganda, mabega yakae sawa, namna ya kugeuza kola ya shati iliyochakaa, mambo kama hayo. Makala iliyosomwa kuliko zote ni ile ya sketi ya shule yenye pindo refu, ambalo unaliachia kidogo kidogo mtoto anavyorefuka, sketi moja ikavaliwa hata miaka mitatu. Kwa siku napata wasomaji kama 40. Lakini hela sijaiona. Niliomba kuwekewa matangazo ya Google mara moja, nikakataliwa, na sikuelewa kosa langu.

Sasa kuna kijana mmoja wa Kampala nilikutana naye kwenye kundi la WhatsApp. Anafundisha watu kutajirika kwa blogu. Ada yake ni shilingi 350,000 kwa wiki sita, na anasema lazima mtu awe na kompyuta. Amenionyesha picha za malipo yake, dola tupu. Amesema pia nikimletea wanafunzi watatu atanirudishia nusu ya ada. Nimepata mtu wa kuninunulia cherehani kwa shilingi 400,000. Nikiongeza akiba yangu ya kikundi cha akina mama, napata ada na kompyuta iliyotumika.

Mume wangu ni dereva wa lori, anapeleka mizigo Juba. Akirudi akanikuta nimeshika simu usiku, anasema bando linakula hela ya sukari. Wiki iliyopita tuligombana hadi watoto wakaamka. Sitaki ifike siku aonekane alikuwa na haki. Kuandika najua, Shangazi, watu wananiambia. Wengine hata huniandikia kuuliza kama nashona kwa oda, kama naweza kutuma sketi Kasese au Busia, lakini wengi siwajibu kwa sababu muda wangu ni mdogo, nautumia kuandika makala mpya ili wasomaji waongezeke.

Nishauri. Niuze au nisiuze?

Fundi wa Walukuba

Marahaba mwanangu, na pole kwa ugomvi ule wa usiku.

Usiuze cherehani. Nalisema mapema kwa sababu mnunuzi ameshataja bei, na mwenye fedha mkononi hana subira. Mpigie sasa hivi umwambie haiuzwi, kisha urudi tuendelee.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza niliona tatizo la blogu isiyoleta hela. Mara ya pili nikakwama kwenye maneno uliyoyapitisha mbio karibu na mwisho: watu wanakuuliza kama unashona kwa oda, wa Kasese, wa Busia, nawe huwajibu kwa kuwa unaandika makala ya kuwavuta wasomaji. Mwanangu, wasomaji hao unawavuta waje kufanya nini? Fundi akifungua kibanda sokoni, akapaka kibao rangi nzuri, wateja wakasimama mlangoni kuuliza bei, halafu yeye akapanda ngazi kuongeza rangi kwenye kibao, jirani mwema angemshika mkono amshushe. Ndicho ninachokufanyia leo.

Tupige hesabu ya hayo matangazo, maana kijana wa Kampala hakukupigia. Una wasomaji 40 kwa siku. Tuseme kila mmoja anafungua kurasa mbili: ni kurasa 80 kwa siku, 2,400 kwa mwezi. Malipo ya matangazo hupanda na kushuka kulingana na nchi ya msomaji na anayetangaza, lakini kwa mfano wetu tuseme kila kurasa 1,000 zinakuletea dola moja. Kwa mwezi umepata dola 2 na senti 40. Google AdSense, yaani hayo matangazo ya Google uliyoyaomba, hailipi mpaka salio lifike dola 100, kwa hiyo ungengoja zaidi ya miezi 41, yaani miaka mitatu na nusu. Dola 100 kwa shilingi 3,600 kila moja ni shilingi 360,000. Linganisha na ada ya yule kijana. Ungefanya kazi miaka mitatu na nusu ili urudishe alichochukua kwa siku moja, ukabaki na 10,000 mkononi, na cherehani huna.

Sisemi matangazo ni uongo. Yapo, na Kiswahili kimo katika lugha ambazo AdSense inazikubali, jambo ambalo lugha nyingi za hapa kwetu hazijalipata. Kukataliwa mara moja si aibu. Mara nyingi sababu ni makala chache au fupi mno, picha zilizochukuliwa kwa watu wengine, au kukosa ukurasa unaoeleza wewe ni nani na taarifa za wasomaji zinatumikaje. Rekebisha hayo uombe tena baadaye, ukitaka. Ujue tu kwamba salio likifika dola 10 hutumwa barua ya karatasi yenye namba ya kuthibitisha anwani yako, na kwa kuwa kwetu barua haziletwi mlangoni, utahitaji sanduku la posta, lako au la mtu unayemwamini. Na usibonyeze matangazo yako mwenyewe, wala usiwaombe dada zako wakubonyezee. Akaunti hufungwa kwa hilo na salio likapotea. Yachukue kama hela ya chumvi. Mboga itoke kwingine.

Mboga iko kwenye pindo lako.

Nilipofika hapo kwenye barua nilisimama nikafikiri. Makala zote ulizoandika, iliyopendwa kupita zote ni ya sketi inayovaliwa miaka mitatu. Kwa nini? Kwa sababu kila mzazi wa Uganda anaujua moyo unavyodunda mwezi Januari, karo mkononi haijatosha, muhula wa kwanza unafunguliwa Februari, na sketi ya mwaka jana imeishia magotini. Umegusa jambo linalowanyima watu usingizi, ukalitatua kwa sindano na uzi, halafu ukalieleza kwa lugha ambayo mama wa Busia anaisoma bila kuomba msaada. Hicho hakifundishwi kwa wiki sita.

Sasa bei. Mfano wangu utaubadilisha kwa bei za Jinja. Kitambaa 11,000. Uzi na zipu 2,000. Makaa ya pasi 500, mfuko 500, bando 500. Hapo gharama ni 14,500. Kazi yako ya saa mbili weka 8,000, na usiione haya, maana mafundi wengi wa kike hufa maskini kwa kusahau kujilipa. Jumla 22,500. Nauli ya mzigo alipe mteja, kando. Tazama ile 8,000 tena: matangazo ya mwezi mzima, kwa hesabu yetu ya juu, yangekupa kama 8,640. Ujira wa sketi moja unakaribia mwezi mzima wa matangazo. Mteja akitaka sketi sita za watoto wake na wa dada yake, umeshapata ujira wa 48,000 kwa oda moja.

Wapo pia wasomaji ambao ni mafundi kama wewe, au wanaojifunza. Hao hawahitaji sketi yako, wanahitaji vipimo. Wachoree karatasi za kukatia, saizi tano au sita, uzipige picha safi, uwauzie kwa WhatsApp kwa bei ndogo. Karatasi ukiichora mara moja unaiuza mara mia, na haihitaji basi.

Kuhusu kutuma mizigo nataka nikae kidogo, kwa sababu hapa ndipo nilipoumia mimi. Mwaka 2016 nilituma mikeka kumi na miwili Mbarara kwa mtu aliyeniahidi kulipa akiipokea. Mzigo ulifika. Simu yake ikazimika, na mpaka leo haijawaka. Nililia, kwa sababu mikeka mitano kati ya hiyo haikuwa yangu, nilikopeshwa na jirani. Tangu siku hiyo sikati uzi kabla ya nusu ya fedha kuingia, na nusu nyingine huingia kabla mzigo haujapanda gari. Mteja wa kweli hakasiriki ukimweleza hivyo kwa upole na kumtumia picha ya kazi ilipofikia.

Anza na Busia. Kutoka Jinja ni njia moja, Iganga, Bugiri, umefika, na taksi zinatoka kila siku. Mpe dereva mzigo ulioandikwa jina na simu ya mpokeaji, piga picha namba ya gari, mtumie mteja. Kasese ni mbali, mzigo utabadilisha mikono Kampala, kwa hiyo tumia kampuni ya basi yenye ofisi ya mizigo inayotoa risiti, au muulize mteja kama ana ndugu Kampala wa kuupokea na kuupeleka kituoni. Vipimo omba kwa picha: mama ashike utepe kiunoni mwa mtoto, apige picha namba ionekane. Maneno ya simu hukosewa, na sketi iliyokosewa hairudi Jinja bure.

Malipo yapokee kwa laini uliyosajili kwa jina lako, tena iwe ya biashara peke yake. Ukipata ujumbe kwamba fedha imeingia, usiuamini ujumbe. Piga *165# kama ni MTN au *185# kama ni Airtel, uangalie salio kwa macho yako, kwa sababu wapo wanaotunga meseji zinazofanana kabisa na za kampuni. Na mtu akikupigia akisema amekutumia kimakosa umrudishie, mwambie apeleke malalamiko kwa kampuni ya simu wairudishe wenyewe. Kumbuka pia unapotoa fedha kuna kodi ya nusu asilimia ya fedha unayotoa, mbali na ada ya kutolea: katika kila 100,000 ni shilingi 500. Kwa hiyo usitoe kidogo kidogo kila siku. Vitambaa nunua kwa simu hiyo hiyo pale inapowezekana, hata ukiwa kwenye maduka ya vitambaa ya Kiyembe kule Kampala.

Nirudi kwa kijana. Simfahamu, simhukumu, ila nina swali la kumuuliza: mbali na mafunzo, anauza nini? Kama blogu ndiyo iliyomtajirisha, akupe anwani yake uisome. Picha za malipo hazitoshi, simu yoyote inaweza kutengeneza picha hiyo. Na lile la kurudishiwa nusu ya ada ukileta watu watatu ndilo lililonitisha zaidi, maana hapo umeacha kuwa mwanafunzi, umekuwa mtego wa wenzako wa kikundi. Mwishoni mwa 2019 kampuni moja iliyojinadi kwa sarafu za kidijitali ilifunga ofisi zake Kampala na Masaka, na watu wengi wakabaki wameshika karatasi. Walioumia mara mbili ni wale waliokuwa wamewaingiza ndugu zao. Wenzako wa kikundi wanakuamini, mwanangu. Usiwaguse kwa jambo hili.

Kompyuta si lazima sasa. Blogu umeiandika kwa simu mpaka ikapata wasomaji 40 kwa siku, iendelee hivyo hivyo. Faida ya oda ishirini za mwanzo ndiyo itakayokuambia kama ununue kompyuta au cherehani ya pili. Ila kila makala yako itunze nakala mahali pengine. Wateja waelekeze WhatsApp, pakua ile ya biashara, inakuruhusu kupanga nguo zako na bei. Facebook ilifungwa hapa kwetu Januari 2021, na kumtaka mama wa watoto watano awashe VPN, ile programu ya kupenya mtandao uliofungwa, ili aone sketi ni kumfukuza.

Kiswahili usikiache hata ukiambiwa Kiingereza kina hela zaidi. Makala za ushonaji kwa Kiingereza zimejaa, yako itazama. Kwa Kiswahili una nafasi, na msomaji wako hakai Uganda peke yake: yupo Kenya, Tanzania, mashariki ya Kongo. Hata serikali yetu, Baraza la Mawaziri lilipokubali mwaka 2022 Kiswahili kiwe lugha rasmi, lilichelewa nyuma ya Walukuba kwa miaka mingi. Na usiweke sura za watoto wa watu bila ruhusa ya wazazi. Sketi ipige picha ikiwa imetundikwa, inatosha. Nembo ya shule usishone mpaka shule yenyewe iseme ndiyo, kwani nyingine huuza sare zao wenyewe.

Usajili usikutishe. Namba ya mlipakodi hutolewa bure na URA, mamlaka ya mapato, jina la biashara husajiliwa URSB, ofisi ya usajili wa biashara, na leseni ya biashara uulize ofisi za jiji hapo Jinja. Biashara ndogo ambayo mauzo yake kwa mwaka hayajafika shilingi milioni 10 haitozwi ile kodi ya mapato ya wafanyabiashara wadogo, lakini utawezaje kuonyesha kwamba hujafika kama huna daftari? Mali bila daftari hupotea bila habari. Nunua moja leo. Upande mmoja kilichoingia, upande wa pili kilichotoka, na bando liandikwe humo humo.

Hilo daftari ndilo dawa ya ugomvi wa nyumbani pia. Umesema hutaki mume wako aonekane alikuwa na haki. Nusu ya haki anayo, na kumpa nusu hiyo hakukupunguzii kitu. Bando ni ghali, tangu Julai 2021 limebeba ushuru wa asilimia 12 uliokuja badala ya ile kodi ya mitandao ya kijamii, shilingi 200 kila siku, tuliyoanza kulipa 2018, na yeye anaiona fedha ikitoka tu, hajawahi kuiona ikirudi. Usibishane naye usiku. Akirudi kutoka Juba, ameoga, amekula, mfungulie daftari umwonyeshe ukurasa wenye oda ya kwanza, kitambaa kiasi gani, bando kiasi gani, ujira wako kiasi gani. Kisha muombe ushauri wa njia, kwa sababu barabara anaijua kuliko mimi na wewe: lori lake linapita Gulu kila safari, na Gulu kuna watoto wa shule. Kama mwajiri wake anaruhusu kubeba kifurushi, huyo ndiye msafirishaji wako wa kwanza asiyezima simu.

Makala usiache kuandika, ila badilisha mpangilio. Asubuhi jibu wateja, mchana shona, na makala moja kwa wiki inatosha. Iandike kutokana na swali ambalo mteja amekuuliza wiki hiyo, na mwisho wake weka namba yako ya biashara na bei. Hujaniambia kama namba ipo hapo sasa. Nahisi haipo.

Leo jioni, kabla hujaandika neno jingine la blogu, fungua jumbe zote ambazo hukuzijibu, hata za miezi sita iliyopita. Waombe radhi kwa kuchelewa, waulize kama bado wanahitaji. Wengine watakuwa wameshanunua kwingine, wengine hawatajibu. Wa Busia mjibu wa kwanza. Na muhula wa kwanza ukifunguliwa Februari, niandikie tena uniambie sketi ngapi zimetoka Walukuba.

Shangazi yako